Majani ya Nyumba Tupu Hukatwa na Nani?

Somo la muhula huu latoka mbali, lakini si geni kwa mtu aliyepata kukaa jirani na kiwanja kisichofyekwa. Katika darasa la Uraia la Kidato cha Tatu tulikuwa tukisoma habari za haki na wajibu, na kijana mmoja akaniuliza neno ambalo vitabu vyetu havilijibu: ikiwa nyumba haina mtu, na mwenyewe hajulikani vizuri, wajibu wa kuitunza ni wa nani? Nilimwambia asubiri jarida, kwa kuwa swali la namna hiyo halimalizwi kwa dakika arobaini. Nimechagua mfano wa Marekani. Huko, tangu mwaka 2007 na miaka kadha iliyofuata, swali hilo liliulizwa katika maelfu ya mitaa kwa wakati mmoja, na mahakama, mabaraza ya miji na majirani wa kawaida wakalazimika kulijibu, watake wasitake.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mtu anayetaka kununua nyumba na hana fedha zote hukopa benki, na nyumba ile ile huwa rehani ya deni. Yeye hukaa ndani, hupaka rangi, hupanda maua, na hati ina jina lake; lakini akishindwa kulipa, mkopeshaji ana haki ya kuiuza mnadani ili ajilipe. Mara nyingi mnadani hatokei mtu wa kutoa bei ya kutosha, ndipo benki hujinunulia yenyewe na kuwa mwenye nyumba. Mambo haya hayatendeki kwa siku moja. Katika majimbo kama California na Nevada nyumba huweza kuuzwa bila kwenda mahakamani, mradi ilani zinazotakiwa zimetolewa na muda wake umekwisha. Katika majimbo kama Florida, New York na Ohio hapana budi mkopeshaji afungue kesi, na kesi hizo zilipokuwa nyingi zilichukua miaka. Lishikeni hilo, maana shida yote niliyokusudia kuieleza ilizaliwa katika muda huo wa kungoja.

Neno la pili ni chama cha wenye nyumba. Sehemu nyingi za Marekani, kampuni ikijenga mtaa mpya huandika masharti na kuyafungamanisha na kila kiwanja, hata anayenunua miaka hamsini baadaye huwa amefungwa nayo. Masharti hayo huunda chama. Mwenye nyumba yumo chamani apende asipende, na hulipa ada kila mwezi au kila mwaka. Ada hiyo ndiyo inayolipia taa za njia, bustani ya wote, bima, na mara nyingi bwawa la kuogelea la mtaa. Mtaa wa Radburn katika New Jersey, uliofunguliwa mwaka 1929, ni mmoja wa mifano ya zamani inayotajwa sana. Siku hizi watu wanaokaa chini ya vyama vya namna hii katika nchi ile wamepita milioni 70.

Isidhaniwe kuwa navisifu tu. Zamani masharti mengi ya mitaa hiyo yalikataza nyumba kuuzwa kwa watu weusi, hata Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua mwaka 1948, katika kesi ya Shelley na Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kutumika kuyatekeleza. Na hata leo viko vyama vinavyomtoza mtu faini kwa sababu ya rangi ya mlango wake. Mimi binafsi nisingependa kukaa mahali ambapo halmashauri hupima majani yangu kwa rula. Lakini ngojeni mwone majani hayo yakifika kifuani.

Bei za nyumba Marekani zilipanda mfululizo hata mwaka 2006. Benki na makampuni yalikuwa yakikopesha watu ambao hawakuwa na uwezo wa kulipa, kwa riba iliyoanza chini na kupanda baada ya miaka miwili au mitatu, kila mtu akitumaini kwamba bei itaendelea kupanda na nyumba itauzwa kwa faida. Bei zikaanza kushuka. Watu wakajikuta wanadaiwa fedha nyingi kuliko thamani ya nyumba zenyewe. Mwezi wa Septemba 2008 benki kubwa ya Lehman Brothers ikaanguka, biashara zikafungwa, kazi zikapotea, na mamilioni ya nyumba zikaingia katika njia ya mnada. Wengine walitolewa na maofisa wa mahakama. Wengine, nao si wachache, waliondoka wenyewe mara walipopokea barua ya kwanza, kwa hofu au kwa aibu, wakaacha funguo juu ya meza ya jikoni.

Sasa tazameni nyumba tupu inavyofanya. Mwezi wa kwanza hakuna anayeona kitu, ila magazeti na barua vimelundikana mlangoni. Mwezi wa pili majani yamepanda. Huko kaskazini, baridi ikiingia na hakuna moto ndani, maji yaliyobaki katika mabomba hugandika na kutanuka, bomba hupasuka, na barafu ikiyeyuka nyumba huoga kutoka darini mpaka sakafuni; ukungu hupanda ukutani, na hapo nyumba iliyokuwa na thamani huwa haina tena. Kisha huja wezi wa shaba. Hung'oa mabomba na nyaya ndani ya kuta ili kuziuza kwa ratili, na kwa fedha kidogo wanazopata huharibu mali ya maelfu ya dola. Baada yao huja wanaotafuta mahali pa kulala, na baadhi yao huwasha moto sakafuni. Watu wa mji wakipigilia mbao madirishani, mtaa mzima hujua kwamba hapo hapana mtu, na anayetaka kununua nyumba ya jirani hugeuza gari na kwenda zake. Kiswahili kinalo neno la mahali palipohamwa na watu wakapaacha: mahame. Tofauti ni kwamba mahame yetu ya zamani yalikuwa mbali, msituni, na haya yalikuwa ukuta kwa ukuta na watu wanaolala.

Ajabu kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni habari ya mabwawa. Katika California nyumba nyingi zina bwawa la kuogelea nyuma. Bwawa lisipotiwa dawa na mashine yake ikisimama, maji hugeuka kijani kwa muda wa wiki chache, na mbu huzaa humo. Katika Bakersfield, mji wa wilaya ya Kern, wataalamu waliziangalia picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 2007 wakakuta mabwawa mengi yaliyotelekezwa. Mwaka ule ule ilani za watu walioshindwa kulipa rehani zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 300, na wagonjwa wa homa ya West Nile katika wilaya hiyo waliongezeka majira ya joto kwa asilimia 276. Wataalamu wenyewe hawakusema kwamba sababu ni hiyo moja tu, lakini mbu na maji yale yalikuwapo, tena yalionekana. Watu wa idara ya kupambana na mbu wakawa wanatia samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu katika mabwawa ya nyumba zisizo na wenyewe. Na hapa yafaa tujue jina la ugonjwa huu limetoka wapi. Virusi vyake viligunduliwa mara ya kwanza mwaka 1937, katika damu ya mwanamke mmoja wa wilaya ya West Nile, Uganda, jirani zetu. Vikafika New York mwaka 1999. Basi mtu anayesema kwamba nyumba ya mwenziwe iliyooza haimhusu, na amweleze mbu kuhusu mipaka ya viwanja.

Twende kwenye hesabu, maana vijana wangu hupenda kuikimbia. Chukueni mtaa wa nyumba 100, kila nyumba ikilipa ada ya dola 100 kwa mwezi. Chama kina dola 10,000. Nyumba 20 zikawa tupu na hazilipi. Gharama hazipungui kwa sababu hiyo, tena huzidi, kwa kuwa sasa kuna majani ya kukata na mbao za kupigilia. Lakini tuseme zimebaki zile zile. Nyumba 80 zilizobaki zitalipa dola 125 kila moja. Katika hizo 80 wamo waliokuwa wakijikongoja. Watano wakishindwa kwa sababu ya zile dola 25, waliobaki 75 watalipa zaidi ya dola 133. Hivyo kila anayeanguka humsukuma aliye karibu naye. Chama kikikataa kupandisha ada, hapana budi taa zizimwe au bima iachwe, na hayo nayo hupunguza thamani ya nyumba za wanaolipa. Hakuna njia isiyo na maumivu. Ndiyo maana swali la nani akate majani si swali dogo kama linavyosikika.

Mwanafunzi mmoja wa zamani wa shule hii, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa aliniandikia kwa siri ya mwalimu na mwanafunzi, amekaa Florida kwa miaka mingi na ana nyumba katika mtaa wa namna hii wenye nyumba 60. Alipata kuchaguliwa mtunza hazina wa chama. Katika barua yake ya mwaka 2013, baada ya shikamoo na habari za watoto, alinieleza shauri lililomkosesha usingizi.

Nyumba ya pili kutoka kwake ilikuwa ya mama mmoja mjane, mtu mzima. Mwaka 2010 mama huyo alipelekewa hati za kesi na benki yake. Alizisoma, akaelewa kwamba nyumba imekwenda, akafunga mizigo yake na kuhamia kwa binti yake katika jimbo jingine. Benki haikuimaliza kesi. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu. Majani ya Florida hayana kiangazi cha kupumzika. Mwanafunzi wangu aliyakata mara mbili kwa mashine yake mwenyewe, hata mjumbe mmoja wa halmashauri akamwonya: kiwanja si chako, si cha chama, ukijikata mguu humo nani atakulipa, na ukivunja kitu nani atakushitaki? Benki ilipoandikiwa, ilijibu kwamba yenyewe si mwenye nyumba, ina rehani tu, waandikieni mwenye nyumba. Basi wakamtafuta mama yule, wakampata kwa simu. Alipoambiwa kwamba nyumba bado ni yake, na kwamba ada ya dola 150 kwa mwezi imekuwa ikihesabiwa kwa jina lake kwa miezi 36, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kama ilikuwa yangu, mbona nimelala sebuleni kwa mwanangu miaka mitatu?"

Wamarekani huziita nyumba hizi kwa jina la zombi, yaani maiti inayotembea. Mwenye nyumba ameondoka akidhani amenyang'anywa. Benki haikunyang'anya, ila haikuacha pia. Kwa nini benki isimalize? Sababu ni nyingi, lakini moja ni nyepesi kuelewa: siku ile inapopata hati, inapata na kodi ya nyumba, na ada ya chama, na majani. Ikikawia, yote hayo humwangukia mtu mwingine. Waswahili husema fahali wawili wapiganapo ziumiazo nyasi. Huko Florida nyasi hazikuumia, zilinawiri. Walioumia ni majirani.

Hatimaye benki ikaimaliza kesi na kuitwaa nyumba. Sheria ya Florida yasema kwamba mkopeshaji wa kwanza akiipata nyumba kwa njia hii, kwa kawaida hulipa chama kiasi kilicho kidogo kati ya viwili: ada ya miezi 12 iliyotangulia, au asilimia moja ya deni la asili la rehani. Rehani ilikuwa dola 200,000, na asilimia moja yake ni 2,000. Ada ya miezi 12 ni 1,800. Benki ikalipa 1,800. Deni la ada lilikuwa 5,400. Zilibaki dola 3,600, na kwa sheria chama kingeweza kumdai mama mjane. Halmashauri ikapiga kura, watatu kwa wawili, wasimdai. Upungufu ukagawanywa kwa nyumba zote 60, dola 60 kila moja. Katika mkutano mwanachama mmoja, dereva wa teksi, alisimama akauliza kwa nini yeye alipe kwa ajili ya uzembe wa benki. Mwanafunzi wangu aliandika kwamba hakuwa na la kumjibu, kwa kuwa yule bwana alikuwa amesema kweli.

Basi turudi kwenye swali la kijana wa Kidato cha Tatu. Jibu la kwanza la sheria, huko na hapa, ni kwamba mwenye hati ndiye mwenye wajibu. Ni jibu zuri wakati mwenye hati yumo ndani au anaweza kuingia. Ubaya wake umeonekana: lilimshika mjane asiyekuwa na ufunguo wala fedha, na kumwacha yule aliyekuwa na uwezo wa kumaliza jambo au kuliacha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na benki iliyo maili elfu mbili mbali haikulalia kitanda hiki hata usiku mmoja.

Tena pengine hata benki haikujulikana. Katika miaka ile mikopo ilikusanywa maelfu kwa maelfu, ikawekwa katika mfuko mmoja, na faida ya mfuko ikauzwa vipande vipande kwa watu wa dunia nzima. Benki moja ilikuwa mdhamini wa mfuko, kampuni nyingine wakala wa kukusanya malipo, na karatasi zilipotea njiani. Tarehe 31 Oktoba 2007, katika mji wa Cleveland, Jaji Christopher Boyko alizifuta kesi 14 za Deutsche Bank kwa sababu haikuweza kuonyesha kwamba ilipozifungua ilikuwa ndiyo mwenye mikopo. Mwaka 2011 mji wa Los Angeles uliishitaki benki hiyo hiyo kwa kuacha nyumba nyingi zioze. Benki ilijitetea kwamba yenyewe ni mdhamini tu, na kazi ya kutunza ni ya mawakala. Shauri lilimalizwa mwaka 2013 kwa mapatano ya dola milioni 10. Mimi si hakimu, lakini nikiwa mwalimu nayajua majibu ya namna hii: ukiuliza nani hakufuta ubao, kila mmoja atakuonyesha mwingine, na ubao haujafutwa.

Wako walioona kwamba isingojewe hati. Mji wa Chula Vista, kusini ya California, ulipitisha sheria ndogo mwaka 2007 ya kumtaka mkopeshaji aikague nyumba mara mwenye deni anaposhindwa. Akikuta haina mtu, aiandikishe kwa mji na aitunze kwa kiwango cha nyumba za jirani, ingawa bado si yake. Miji mingi ikaiga. Mwaka 2008 jimbo zima la California likaweka sheria kwamba anayeipata nyumba kwa mnada wa rehani na kuiacha tupu lazima aitunze. Asipofanya hivyo baada ya kuonywa aweza kutozwa faini hata dola 1,000 kwa siku. Sheria hiyo yataja mambo kwa majina yao: majani yaliyopita kiasi, watu wavamizi, na viluwiluwi vya mbu katika maji yaliyotuama. Napenda sheria inayoandikwa hivyo, kwa kuwa hata mtoto aweza kuisoma akajua anatakiwa kufanya nini. New York ilikwenda mbali zaidi mwaka 2016, ikawapa wakopeshaji wajibu wa kukagua na kutunza nyumba zilizoachwa hata kabla kesi haijaisha, kwa faini iwezayo kufika dola 500 kwa siku. Hiyo ilizilenga zile zombi hasa.

Nevada ilishika njia nyingine, nayo ni ya kufikirisha. Badala ya kuweka wajibu tu, ilikipa chama nguvu. Sheria ya jimbo hilo yaruhusu chama, baada ya kutoa ilani, kuingia katika kiwanja cha nyumba tupu na kutengeneza sehemu za nje, na gharama yake hushika nyumba yenyewe kama deni. Tena ada ya miezi tisa hutangulia hata rehani ya benki. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Nevada ikaulizwa: ikiwa chama kitaiuza nyumba kwa ajili ya deni hilo dogo, rehani ya benki itakuwaje? Ikajibu kwamba itakufa. Katika kesi hiyo rehani ilikuwa ya dola 885,000, na mnunuzi aliipata nyumba katika mnada wa chama kwa dola 6,000. Mnaweza kufikiri kelele zilizofuata. Mwaka 2015 bunge la jimbo likarekebisha sheria, benki zipate muda wa kukomboa baada ya mnada. Naona marekebisho yale yalikuwa ya haki, kwa maana adhabu ya kupoteza laki nane kwa ajili ya ada ya miezi tisa yapita kosa. Lakini tangu hapo kila benki ilikuwa na sababu nzuri ya kusoma barua za mtunza hazina.

Nikiulizwa maoni yangu, nasema wajibu uende pamoja na uwezo. Atazamwe yule ambaye kwa neno lake moja nyumba itauzwa, au itafunguliwa, au mwenye deni ataambiwa rudi ukae. Wakati mtu yumo ndani, ni yeye. Akishatoka kwa sababu ya barua ya mkopeshaji, ni mkopeshaji, hati iwe imehamishwa au haijahamishwa, kwa kuwa yeye ndiye anayeshika saa. Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kudharauliwa: wakopeshaji wakibebeshwa gharama nyingi, watakopesha wachache, na watakaonyimwa ni maskini. Ni kweli kiasi fulani. Lakini gharama hiyo haikuumbwa na sheria. Ilikuwapo tayari, na dereva wa teksi alikuwa akiilipa. Wala kukata majani hakuifilisi benki. Kuiacha nyumba ioze ndiko kunakoipunguzia benki yenyewe mali.

Kuhusu chama, naona kazi yake ni ya dharura: kufunga mlango uliovunjwa, kuondoa maji yaliyotuama, kutunza kumbukumbu ya kila senti ili idaiwe baadaye. Kisiende zaidi ya hapo bila idhini ya sheria au ya mwenye nyumba, hata kwa nia njema. Mlango wa nyumba tupu ukiruhusiwa kufunguliwa na kila mwenye nia njema, wenye nia nyingine watapita humo humo. Na jirani mmoja mmoja? Yeye aandike barua, apige simu, atazame usiku. Yule mwanafunzi wangu aliyekata majani mara mbili simlaumu, bali naelewa kwa nini alionywa.

Pako pia mahali ambapo hapana tena mtu wa kumshika. Katika Cleveland, mtaa wa Slavic Village ulipigwa sana, na nyumba nyingi zilishuka bei hata hakuna aliyezitaka. Hapo wilaya ya Cuyahoga ilianzisha mwaka 2009 shirika la umma linaloitwa kwao benki ya ardhi. Kazi yake ni kupokea nyumba zilizotelekezwa, kusafisha hati zake, kutengeneza zinazotengenezeka, kubomoa zilizokwisha, na kumpa jirani kiwanja kilichobaki kwa bei ndogo apanue bustani yake. Michigan walitangulia katika jambo hili, hasa wilaya ya Genesee ulipo mji wa Flint. Kubomoa nyumba ni jambo la kusikitisha, lakini mzazi anayepitisha watoto hapo kwenda shule husikitika zaidi ikisimama.

Wazazi wengine watauliza haya yatuhusu nini sisi. Tanzania ilitunga sheria ya kumiliki sehemu ya jengo mwaka 2008, na Kenya ikatunga yake mpya mwaka 2020, na chini ya sheria hizo wenye sehemu hulazimika kuwa na chombo chao cha kutunza ngazi, paa, maji na lifti. Mwenye sehemu ya ghorofa ya tatu akifunga mlango na kwenda zake, bomba lake likipasuka, maji hayatauliza hati. Yatashuka ghorofa ya pili. Na wengi wa wanafunzi wetu wa leo watanunua nyumba kwa rehani kuliko baba zao walivyofanya. Wausome mkataba mpaka ukurasa wa mwisho, na wakiletewa barua ya benki wasifungashe mizigo usiku ule ule. Waulize kwanza, kwa maandishi, nyumba ni ya nani siku hiyo.

Chama cha mdahalo kimekubali kulichukua jambo hili muhula ujao, na hoja itakuwa hii: "Mkopeshaji atunze nyumba iliyoachwa hata kabla hajaipata hati." Upande wa kupinga una watu wawili tu mpaka sasa, nami ningependa uwe na wanne, maana hoja yao ni ngumu zaidi na yataka vichwa vizuri. Hesabu ya mtaa wa nyumba 100 ifanywe tena na kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu kwa nyumba 30 zisizolipa badala ya 20, na daftari ziletwe ofisini kwangu Ijumaa ya kwanza baada ya kufungua shule.